Mlango Uliogoma Kuvunjika

Leo nimekosa kuuza mlango wa chuma kwa sababu ni imara kupita kiasi.

Ayeeyo mmoja, nyanya wa mtaa wetu hapa Garissa, alikuja karakana yangu, akataka tuujaribu mbele yake.

Wanaume watatu, mtaimbo na nyundo. Wapi! Haukutikisika.

Mimi tayari nimevimba kichwa.

Ayeeyo akaniangalia kwa huruma.
"Mlango mzuri, mashallah. Lakini mimi nakaa peke yangu. Nikianguka ndani, majirani wataingia aje?"

Akaenda zake bila kununua. Mafundi, nyinyi mngemwambia nini?

Maana mama yangu yuko Wajir, peke yake, na mlango kama huu nilimchomelea mwenyewe.

Nimempigia sasa hivi. Akacheka.

"Huo mlango? Tangu uondoke sijaufunga hata siku moja."