Bi Kigoda na Watoto Wake Mia Nne

"Mimi nina watoto zaidi ya mia nne, sitakosa wa kunizika!" Bi Kigoda alijigamba hivyo kwenye mkutano wa wazazi, kipaza sauti mkononi, na makofi akapigiwa. Wa kumzaa hakuwa naye, hata wa dawa.

Alikuwa ofisa ustawi wa jamii wa shule. Waliopigwa, walioona mama akipigwa, walioumizwa na wale wale wa kuwalinda, wote waliishia kwenye chumba chake, zamani stoo ya chaki. Humo mlikuwa na vigoda viwili vya plastiki. Mtoto huweka chake anapotaka, hata akiamua kumpa mgongo. Naye Bi hukalia cha pili, mwili wote ule, magoti karibu yaguse kidevu, akangoja. Haulizi kitu.

Binti mmoja alikaa akiutazama mlango wiki tatu, neno hakuna. Wiki ya nne kigoda cha Bi kikasalimu amri, puu! Miguu juu. Binti akageuka, akacheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

"Ni baba mdogo," akasema.

Jioni ile hakurudi kwa baba mdogo. Alilala kwa shangazi yake, na huko ndiko alikokulia.

Sasa, kazi ile ina kanuni yake: ukikutana na mtoto wako njiani, usimsalimie kwanza. Huenda yuko na mtu asiyejua yaliyompata. Akitaka, atakuamkia mwenyewe. Wengi hawataki. Mmoja, na suti yake na mchumba wake, alimwona Bi kwa mbali akavuka barabara kama aliyeona mbwa.

"Wamepona hao," Bi alimwambia dada yake kwenye simu.

"Wamepona au wamekutoroka?"

"We nawe! Aliyepona ndiye anayetoroka."

Dada alicheka. Alicheka peke yake.

Jumamosi moja kigoda kingine kikapata ufa, Bi akaenda dukani kununua kipya. Nyuma ya kaunta, akiuza, alikuwepo binti yule yule, mtu mzima sasa, pete kidoleni. Macho yakakutana. Bi akakiweka kigoda juu ya kaunta, akabana midomo, akangoja kama alivyongoja zile wiki tatu. Shikamoo moja tu, hata ya kunong'ona, ingemtosha mwezi mzima.

Binti alikipindua kigoda, akaikandamiza miguu yake mmoja mmoja, yote minne, polepole. Akatazama kibandiko.

"Elfu nne na mia tano," akasema.