Nahodha Anayekufa Kila Jumamosi

Wifi wa mshonaji mmoja ni karani wa posta, na kila akimaliza sentensi hupiga meza kwa kiganja, paa, kana kwamba anagonga mhuri. Yeye na mshonaji, mke wa kaka yake, huandika hadithi za safari za anga kwa jina moja la uongo, la profesa fulani mwenye ndevu. Hupokezana daftari kila Jumamosi, na sharti lao ni moja: usifute cha mwenzako, endeleza. Basi kila zamu yake wifi humuua nahodha wa chombo chao cha anga. Ameshamtupa kwenye jua, ameshamsagisha kwa roboti, safari moja alimkaba kwa mwiba wa samaki. "Mfufue, kazi yako hiyo!" Paa. Mshonaji humfufua huku akisonya.

Mshonaji alipolazwa kufanyiwa upasuaji, wifi alileta daftari wodini, akalitupa kitandani bila hata kusema pole. Kurasa kumi na moja, na nahodha hakupata hata mafua.

"Wifi, mbona mzima?"

"Nimuue, halafu afufuliwe na nani?" wifi akafoka. Akainua kiganja agonge kitanda, akakumbuka kidonda, akashusha mkono polepole juu ya blanketi.