Breki Zisizopiga Kelele

Miaka imepita taratibu juu ya mtaa wetu wa Jadida, nami imening'oa meno, lakini jirani yangu kila Alkhamisi yungali akilala chali chini ya gari lake, miguu nje, akighani kasida puani. Breki hutengeneza mwenyewe, kisha hujifuta vidole kimoja kimoja kama aliyetoka kula biriani. Juzi alizipaka pedi za breki mafuta ya nazi ili zisilie mbele ya msikiti watu wakiwa katika sala. "Hii ndiyo adabu!" nikamsifu, nikamfafanulia na fadhila za ukimya, nikapanda garini kando yake. Mkewe akapaza sauti mlangoni: "Shehe, shuka! Pedi haipakwi mafuta, itateleza!" Nikamjibu kwa ubeti wa Kiarabu juu ya tawakali. Msikitini tulipita kimya kabisa. Kwenye mteremko wa bandarini jirani akakanyaga breki. Gari likazidi mbio. "Omba, Shehe!" Dua zote nilizohifadhi zikanikimbia, nikabakiwa na "Mama yangu wee!" Akakata usukani, tukajikita katika lundo la mchanga wa kujengea, wazima. Ewe Mola, mhifadhi jirani yangu, mkewe na kizazi chake chote, hasa yeyote miongoni mwao atakayenipakia tena garini.