Niliwafukuza Washenga wa Binti Yangu kwa Simu

Nimekosa, jamani! Sina wa kumsingizia. Hata shetani simtupii lawama, maana angefika getini kwetu siku ile angedaiwa kitambulisho.

Ninaishi Mbweni, kwenye mtaa wa nyumba mpya. Ni mwalimu mstaafu, mjane, na nina mtoto mmoja tu, Nuru. Miaka yote ya kazi nilikuwa mwalimu wa nidhamu, na nilipostaafu mikono ikaniwasha. Sufuria ya jirani ilipopotea uani, nikaitisha kikao. Tukajenga geti, tukaajiri mlinzi, tukafunga kamera, na mimi nikachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ulinzi. Sufuria ilikuja kuonekana stoo kwa mwenyewe. Geti likabaki.

Haukupita muda tukawa nchi. Tulikosa bendera na wimbo tu! Muuza samaki, marufuku. Mgeni wa kulala, aombewe kibali kwangu. Kila anayekuja aseme jina, anakokwenda na shughuli iliyomleta, kisha mwenye nyumba athibitishe kuwa anamtambua. Picha za kamera zilirushwa kwenye kundi letu la simu, na watu wazima na akili zao wakaacha tamthilia, wakawa wanatazama geti.

Majirani nao wakaanza kuchongeana. "Mwalimu, nyumba ya kona wameingiza shemeji bila kibali." Nikamwita mama wa nyumba ya kona aje ajieleze barazani kwangu! Alijieleza huku analia, nami nikamwambia usalama kwanza. Nilifurahi, sikufichi.

Basi Nuru akapata mchumba, Salim, kijana mpole wa Chang'ombe, fundi wa mafriji. Nikaambiwa washenga wataleta posa Jumamosi alasiri, na kaka yangu wa Temeke angekuja kuwapokea. Moyo ulinijaa. Marehemu baba yake Nuru aliitamani sana siku hiyo. Jumamosi asubuhi nikamwacha Nuru nyumbani, nikaenda Mwenge kununua vikombe vipya, maana vya zamani vilikuwa na mapengo.

Niko dukani, kikombe mkononi, simu ikaita. Ni Elisha, mlinzi wetu.

"Mwalimu, kuna wazee watatu hapa, wamekuja na bajaji. Wanasema wanakuja kwako."

"Shughuli gani?"

"Wanasema ya heri."

"Heri gani hiyo haina jina? Waambie waseme!"

"Hawataki. Wanatabasamu tu, wanasema yatasemwa ndani."

Sasa ni nani asiyejua kwamba mshenga hamwagi alichotumwa mbele ya mlinzi? Ni mimi! Nimezaliwa pwani, nimekula pilau za posa za watu mpaka nimenenepa, lakini siku ile nilikuwa mwenyekiti. Kichwani mwangu washenga ni watu wa alasiri, wanaoshuka kwenye gari. Hawa walikuja kabla ya adhuhuri, na kwenye picha ya kamera niliyofungua simuni kanzu zimeshika vumbi, mmoja kakumbatia mfuko. Nikaamua ni waomba michango.

"Weka spika," nikamwambia Elisha. "Wazee, mie siwatambui. Hapa hatupokei watu wasiosema shida yao. Rudini mlikotoka!"

Hata shikamoo sikutoa. Mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa kosa hilo hilo!

Ikaja sauti ya mzee, taratibu kabisa. "Tumesikia, mama. Jibu tumelipata."

Nikaweka picha yao kundini na onyo: watu wasiojulikana, tuwe macho. Majirani wakanimwagia makofi ya kwenye simu, nami nikarudi kuchagua vikombe.

Nilikuwa nafungiwa boksi ujumbe wa Nuru ulipoingia. "Mama, huyo mwenye mfuko ni baba mkubwa wa Salim. Umewafanya nini?"

Yalaa! Nilikaa kwenye kiti cha muuzaji bila kukaribishwa. Nikapiga simu getini. Bajaji ilishaondoka.

Kesho yake nikaongozana na kaka yangu hadi Chang'ombe kuomba radhi. Nyumba ya kawaida, mlango wazi, pazia linapepea. Nikapiga hodi. "Karibu!" wakaitikia, hata hawajajua ni nani. Machozi yalinitoka palepale kizingitini.

"Shikamoo," nikamwambia yule mzee.

"Marahaba. Kaa, mama, chai inakuja." Aliningoja nimalize kuomba radhi. "Sie hatuna kinyongo, nasi tuliwahi kwa kuhofia foleni. Watoto wanapendana, tutawaozesha. Ila pale kwako haturudi. Nimepeleka posa mji huu tangu ujana wangu, sijawahi kuhojiwa kama mwizi wa nyaya. Tutamchukulia kwa mjomba wake."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanangu wa pekee hakutokea nyumbani kwa baba yake siku ya ndoa. Sebule niliyoipaka rangi kwa ajili yake ilikaa tupu, vikombe vimo kwenye boksi mpaka leo, na mimi mama mzazi nilikwenda Temeke na mkoba kwapani kama mwalikwa. Inaniuma, jamani. Inaniuma mno!

Niliitisha kikao, nikapendekeza geti liwe linaachwa wazi mchana. Wote wakanikatalia! Wakanivua uenyekiti, wakampa yule mama wa nyumba ya kona niliyemliza kwa sababu ya shemeji. Anaijua kazi kuliko mimi.

Wiki iliyopita Nuru alikuja na mumewe kunisalimia. Nilikuwa jikoni nawapikia, masikio yangu yako mlangoni nikisubiri hodi. Ikaita simu. Nuru alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mama, tuko getini. Wanauliza kama unanitambua."

Nilitoka mbio na kanga moja, nikasimama mbele ya kamera, nikasema ndiyo, huyu ni mwanangu. Nyie mnaochangishana saruji ya geti, mie nimewaambia.