Ndugu wa Kuchanjiana

Dionis, fundi bati wa Ng'ambo, usimwite ndugu. Mwite fundi, mwite Baba Tekla, ataitikia vizuri na koroboi yako ataiziba. Ukimwita ndugu ananuna, na usimlaumu kabla hujasikia.

Alikuwa na miaka kumi na mitano, vita vya Hitla vimekwisha juzijuzi tu. Mama yake, Pelagia, mjane muuza karanga pale stesheni, alihangaika mwaka mzima mpaka padri akamwandikia mwanawe barua ya kwenda kujifunza kazi karakana ya reli. Angeanza baada ya Pasaka. Basi nyumba ile iliishi kwa kuingoja Pasaka.

Sasa huyo Justus! Alimzidi Dionis mwaka mmoja, maneno matamu, kofia upande. Ndiye aliyemfundisha kudandia gari moshi hadi kituo cha Tura bila tiketi, na kuvuta sigara, na kuwacheka watoto waliomwamkia padri njiani. Peke yake Dionis asingethubutu kuchuma hata embe la mtu. Akiwa na Justus, lo, alijiona dume.

Siku moja Justus akasema wachanjiane. Wakachanjiana kama babu zao walivyofanya na wageni wa misafara: chale chini ya kifua kwa wembe, damu ikapakwa kwenye ini la kuku lililochomwa, kila mmoja akapewa kipande chenye damu ya mwenzake. Wakaapa kwamba atakayemsaliti ndugu yake, tumbo limvimbe afe. Dionis alitafuna akameza, machozi yanamlenga kwa furaha. Hakuwahi kuwa na ndugu.

Haikupita wiki mbili. Mchana mmoja, maduka yamefungwa watu wanakula, Justus akampeleka nyuma ya ghala la Popatlal, mnunuzi wa nta. Bati moja lilikuwa limelegea. Dionis hakutaka, akasema waondoke.

"Ndugu gani wewe?" Justus akamuuliza, na hilo likatosha. Walikuwa wameshatoa vipande vitatu vya nta mlinzi alipowadaka.

Barazani kwa liwali, Justus aliulizwa kwanza. Akalia, mnafiki mkubwa yule! "Dionis ndiye aliyenishawishi, bwana. Mimi nilikataa."

Dionis aliumia, tena sana. Lakini macho yake yaliganda kwenye tumbo la Justus. Ndugu yake amevunja kiapo, sasa atakufa! Akapiga hesabu zake za kitoto: mimi nikisema ni kweli, basi hajanisaliti. Alipoulizwa akajibu, "Ni kweli, bwana. Ni mimi niliyemshawishi." Pelagia alikuwa amesimama mlangoni na kapu lake la karanga, akasikia kila neno.

Justus alionywa tu. Dionis alichapwa viboko sita, na padri akaichukua barua yake.

Kwa wiki tatu alipita kwa kina Justus kila siku kuangalia kama mwenzake anaumwa. Mwishowe akashindwa kuvumilia, akamuuliza hali ya tumbo lake. Justus alicheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe wewe ulimeza? Mimi langu nilimtemea mbwa. Damu yako niile ya nini?" Tena akaongeza, bila hata haya, kwamba Jumatatu anaanza kazi karakana. Nafasi ilikuwa wazi, na mjomba wake alikuwa amemsemea.

Dionis alirudi nyumbani mbio. Mama yake alikuwa uani anapepeta karanga. Akammwagia yote: ghala, kiapo, ini, hofu ya lile tumbo, na hiyo kazi ya Justus. "Nilisema uongo ili asife, mama. Haki ya Mungu!"

Pelagia hakuacha kupepeta. "Siku ile nilikuwa nakuombea ukane," alisema. "Ungekana tu, ningekuamini. Ukasema ni wewe, mbele ya watu wote. Leo mwenzako kapata kazi, ndiyo unakana?"

"Mama, nakuapia..."

"Usiape, mwanangu. Sogea, unanikinga mwanga."

Waliishi pamoja miaka minane zaidi. Mama alipougua, Dionis ndiye aliyemuuguza, akamkogesha, akamlisha uji kwa mkono wake. Na hadi wiki ile ya mwisho, kila alipoingia chumbani, mama yake alipeleka mkono taratibu kwenye pindo la kanga, alikofunga ufunguo wa sanduku la fedha zake.