Mpangaji na Mrembo Wake

Mpangaji wa Bibi Immakulata pale Kasulu alikuwa mtaalamu wa wadudu kutoka Dar es Salaam, mwanaume mzima mwenye vidole laini kama vya kichanga. Shikamoo ilimshinda kumpa mwenye nyumba, lakini kila asubuhi alimpigia magoti buibui wa manjano aliyetanda utando wa duara juu ya mlango, akamnong'oneza, "Umeamkaje, mrembo?" Bibi akishika ufagio, yeye hupangusa miwani kwa ncha ya shati. "Usifagie, mama! Vitabu vyote vinasema huyu yuko pwani tu, huku hayupo!" Basi wageni wa posa wakaja kutoka Kibondo kwa ajili ya mjukuu wa Bibi, wakaingia wameinama wasinaswe, na shangazi wa kijana akauliza kwa sauti, "Nyumba hii haijui ufagio?" Wakaondoka bila kutaja siku ya kurudi. Kesho yake mpangaji, huku akipiga mluzi, akamtumbukiza mrembo wake kwenye chupa ya spiriti, akakaza kizibo. "Nimempata, mama!" Bibi akaufagia utando wote. "Basi vitabu vyako vimesema kweli, baba. Huku hayupo."