Alasiri ya Oslo

Makoti yetu yalinuka naftalini. Tuliyanunua mitumbani Garissa, katika joto lile linalowafanya mbuzi wagombee kivuli cha lori, na kila tulipoyajaribu jasho lilitutiririka huku watu wa soko wakituchekelea. Tulikuwa wanafunzi wanane wa kidato cha pili, tumealikwa na shule moja ya Oslo kwa ziara ya wiki moja mwezi wa Desemba. Wenzangu waliota theluji. Mimi nilikuwa naenda kumwona Hibo.

Hibo ni dada yangu. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na Hibo, naye msichana tu, ndiye aliyenibeba mgongoni, akanilisha uji, akanifundisha Fatiha. Kisha akaolewa Norwe, nami nikabaki kwa bibi yetu, Ayeeyo. Aliposikia tunakuja alimpigia Ayeeyo simu: anaishi mji wa mbali, kazini wamempa ruhusa ya siku moja, kwa hiyo atakuja hostelini kwetu siku ya mwisho, baada ya alasiri, kisha arudi kwa treni. Kwetu hakuna ahadi iliyo wazi kuliko hiyo. Nikaha hufungwa baada ya alasiri, wazee hukutana baada ya alasiri, na alasiri ya Garissa haihami: mwaka mzima ni karibu na saa kumi.

Siku hiyo Mwalimu Dahir alitupeleka kwenye makumbusho ya meli za kale. Adhuhuri na alasiri tulikuwa tumezisali pamoja mchana, kwa ruhusa ya msafiri, hivyo hakuna aliyeuliza alasiri ya huko huingia lini. Zile mbao za watu waliokufa zamani zilinichosha. Mara nikaona mwanga wa dirishani umekuwa mwekundu, nikamkimbilia mwalimu.

"Mwalimu, jua linazama! Dada yangu anangoja."

"Safia, hii jua ya huku ni muongo, wacha nayo. Ona saa: saa nane na nusu, alasiri bado. Haraka haraka haina baraka, abaayo," alisema, akiniita dada kwa Kisomali.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, nilitaka kumjibu, lakini mtoto aliyelelewa na Ayeeyo hajibizani na mwalimu. Nikasimama karibu na mlango nimevaa koti, nikimchukia yeye, meli zake na saa yake ya mkononi.

Tulirudi hostelini saa kumi, giza limekwisha tanda. Mwanamke wa mapokezi akatuambia kwamba dada mmoja mwenye hijabu alikaa pale tangu saa saba. Alipiga simu ya mwalimu mara nyingi, lakini betri ilikuwa imezimwa na baridi tangu asubuhi. Jua lilipozama aliswali pembeni, akakimbilia treni yake. Alikuwa ameacha chupa ya chai. Nilipofungua kifuniko, mvuke wa iliki na tangawizi ulinipiga usoni, nikalia kwa hasira mpaka wenzangu wakaniogopa. "Lakini tulisema alasiri," mwalimu alirudia. Naam, na Hibo alikuja alasiri. Wakati wa baridi, alasiri ya Oslo ni saa saba mchana. Alfajiri yake tukapanda ndege.

Leo mimi ni mwalimu katika mji wa Modogashe. Simu yangu huniambia saa za swala za mji wowote, na kila Ijumaa Hibo nami tunazungumza tukionana kiooni. Watu husema dunia imekuwa kijiji. Kijiji gani hiki ambacho huwezi kuvuka uwanja ukamsalimu ndugu yako? Nimeomba viza nikanyimwa. Yeye kila mwaka husema mwakani, inshallah, na Ayeeyo amefariki akiingoja mwakani hiyo. Namjua dada yangu kuanzia utosini hadi mabegani, basi. Juzi binti yangu alichungulia simu akaniuliza kati yangu na Hibo nani mrefu.